Mlima Bila Jiwe

"Haya, ondoka," mtahini alisema, na Mama Povu akatoa kichwa dirishani, akaita kwa sauti yote aliyojaliwa: "Jiwe!"

Uwanja wa mtihani wa udereva ukalipuka kwa kicheko. Watahiniwa waliokuwa wamepanga foleni chini ya banda la mabati walicheka wakashikana mabega, na muuza maji akatua ndoo yake chini ili acheke vizuri. Gari halikungoja kicheko kiishe. Mama Povu alikuwa ameshaondoa mguu kwenye breki kama alivyozoea, akiamini kwamba kuna mtu ameinama nyuma ya gurudumu. Hakukuwa na mtu. Gari likarudi polepole kama mgeni anayeondoka bila kuaga, likaangusha koni ya kwanza, likapanda juu ya koni ya pili, na lingeendelea na safari zake kama mtahini mwenyewe hangevuta breki ya mkono kwa nguvu.

"Jiwe la nini, mama?" aliuliza. "Unataka kumpiga nani?"

"Samahani, afande. Nilipitiwa."

"Umepitiwa mpaka umezipitia koni zangu. Shuka."

Akashuka. Ilikuwa mara yake ya pili kushushwa pale pale kwenye mlima wa mtihani, na anayeshindwa mara tatu huanza masomo upya, kama hajawahi kushika usukani maishani. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akapita mbele ya banda akiwa ameinua kichwa. Kijana mmoja alimnong'onezea mwenzake, "Huyo ndiye mama wa jiwe," lakini alinong'ona kwa namna ambayo hata wa mwisho kwenye foleni alisikia.

Ukweli ni kwamba hakupitiwa. Alifanya kile kile walichokuwa wakifanya nyumbani kwao kila siku. Familia ile ilifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko juu mlimani, na gari lao, pikapu kuukuu iliyojaa harufu ya sabuni, lilikuwa na jiwe kama magari mengine yanavyokuwa na taa. Breki yake ya mkono ilikufa zamani. Kwa hiyo kila waliposimama kwenye mwinuko, mtu aliruka kutoka nyuma, akaweka jiwe chini ya gurudumu, dereva akaondoka bila wasiwasi, na yule mtu akaliokota jiwe, akakimbia, akarukia tena juu ya mafurushi. Waliifanya kazi hiyo kwa wepesi wa kujivunia. Hakuna aliyeiona kuwa ni ubovu. Kwao ndivyo gari linavyopanda mlima.

Siku moja binti yao alikuwa shuleni, na mume wa Mama Povu, aliyekuwa akiendesha, akashuka mwenyewe na jiwe. Mkewe alisogea kwenye usukani amshikie breki kwa mguu. Kandambili yake ilikuwa na maji ya sabuni. Mguu ukateleza, gurudumu likarudi, likapita juu ya mguu wa mumewe.

Tangu siku hiyo mumewe alikuwa haendeshi, ingawa mtaa mzima bado ulimwita Dereva.

*

Dereva alikuwa barazani akipiga pasi foronya, mguu mbovu ameuweka juu ya beseni lililofunikwa. Mama yake mzazi, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuwa pembeni akizipanga.

"Vipi, mama watoto?"

"Nimeita jiwe."

"Umefanya nini?"

"Afande kaniambia ondoka. Nikatoa kichwa nje, nikaita jiwe."

Dereva alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akaiinua pasi isije ikaunguza foronya ya watu. Binti naye alicheka nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, hata kamba ikatikisika. Mama Povu mwenyewe akacheka, maana bila hivyo angelia.

"Mnacheka nini?" Bibi aliuliza. "Gari limerudi nyuma chini ya miguu yake tena. Haya, leo kaponda nani?"

Kicheko kikaisha hapo hapo. Bibi hakuwa mkali wa kila jambo. Alimpenda mkwewe kwa uchapakazi wake, akamtetea kwa majirani. Lakini mguu wa mwanawe hakuusamehe. Kila alipoumwagia maji ya moto na chumvi alisema neno, na kila neno Mama Povu alilimeza, kwa sababu alijua kwamba mguu ulioteleza ulikuwa wake.

"Mama, achana na hayo," Dereva alisema.

"Nimeachana nayo. Mwambie basi habari za simu."

Dereva aliisimamisha pasi. "Meneja kapiga. Yule dereva wa kukodi na gari lake kachelewa tena leo, wageni wamekaa na mizigo yao mapokezi wakingoja vitanda vitandikwe. Anasema kachoka na madereva wa kuokoteza. Jumatatu asubuhi gari letu lisipofika na dereva wetu wenyewe, kazi anawapa watu wenye mashine za kufulia."

Hakuna aliyeuliza maana ya maneno hayo. Nyumba ya wageni ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Ikiondoka, zingebaki nguo za majirani, na majirani wenyewe waliwaletea nguo wakati wa harusi tu. Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa.

"Ijumaa nafaulu," Mama Povu alisema, akaenda kuinama kwenye karai lake kama kwamba jambo limekwisha. Alifua siku hiyo kwa hasira mpaka povu likamfika viwikoni.

*

Mwalimu wa shule ya udereva alikuwa kijana mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata chini ya paa. Kesho yake alimpokea kwa bashasha, akapiga boneti la gari jipya.

"Mama wa jiwe, dawa yako imefika. Hili mlimani linajishika lenyewe."

"Linajishikaje?"

"Panda ulione."

Walikwenda kwenye mwinuko wa nyuma ya soko. Mwalimu akamwambia asimame, kisha aondoe mguu kwenye breki bila kuvuta chochote. Mama Povu alisita. Aliangalia kioo mara tatu, akanong'ona bismillahi, akaondoa mguu huku amefumba jicho moja. Gari lilitulia tuli. Akakanyaga mafuta, likaondoka kama liko bondeni. Wakarudia, wakarudia tena, na kila mara ilikuwa vile vile. Alihisi kicheko cha furaha kinamjia, kitu ambacho hakijawahi kumtokea ndani ya gari tangu mumewe aumie.

"Unaona?" mwalimu alisema. "Linakushikia kidogo, muda wa wewe kutoka breki kwenda mafuta. Na mtihani unaruhusu. Ijumaa njoo na hili, leseni ni yako."

"Na breki ya mkono tutajifunza lini?"

"Ya nini tena, mama? Umeshafaulu."

"Gari la kwangu halijishiki."

Mwalimu alicheka kwa upole. "Mtihani ni mtihani. Ukishapata leseni yako, mambo ya gari lako utayajua huko huko nyumbani."

Alimaanisha wema, na Mama Povu alirudi kwa miguu akiwa mwepesi wa moyo. Ijumaa leseni, Jumatatu mashuka. Alijiona amekaa kwenye usukani wa pikapu, mafurushi nyuma, anapanda mlima wa nyumba ya wageni. Alijiona anasimama njiani. Na hapo, akiwa anavuka mtaro wa mtaani kwao, akamwona mawazoni binti yake akiruka chini na jiwe, anainama nyuma ya gurudumu pale pale alipoinama baba yake.

Alisimama katikati ya ubao wa mtaro mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele.

*

Jioni ile alikuwa akikunja mashuka na Bibi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja: huyu hushika ncha zake, yule ncha zake, wakavuta, wakasogeleana, wakapeana, wakaachana tena. Wanawake wale wawili waliweza kukaa siku nzima bila kusemezana na mashuka yakakunjika vizuri tu.

"Dereva," Mama Povu alimwita mumewe, bila kuacha kuvuta, "breki ya mkono ya gari itengenezwe."

"Gari lile? Breki yake ni dereva mwenyewe. Wangapi wameliendesha hivyo hivyo?"

"Wewe tu."

"Basi. Pata leseni kwanza."

"Nikipata leseni, nani atashuka na jiwe?"

Dereva akaendelea kupiga pasi.

"Nakuuliza, baba watoto. Jumatatu mimi niko kwenye usukani. Wewe huwezi kuruka. Bibi hawezi. Nani atashuka?"

"Si... kama siku zote," Dereva alisema, na sauti ikamwishia njiani.

Binti alikuwa mlangoni na ndoo. "Mimi," alisema kwa urahisi. "Mbona najua? Nawahi kuliko hata baba."

Ncha za shuka zikamtoka Bibi mikononi. Shuka safi lilianguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Mjukuu wangu?" Bibi alisema. "Nyuma ya gari hilo?"

"Mama, si ndivyo tulivyofanya miaka yote..." Dereva alisema.

"Miaka yote? Hebu nieleze, mwanangu. Breki hiyo ilikufa lini?"

Dereva alizima pasi ingawa haikuwa na kosa. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Waya ulikatika kabla mtoto hajaanza shule ya msingi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Ni waya tu, mama. Kazi ya asubuhi moja. Lakini nilikuwa nikiwaambia watu breki ya mkono ni ya wanafunzi, dereva kamili haivuti. Nimewaambia wee, mpaka nikaona aibu kuonekana naitengeneza." Alimgeukia mkewe. "Siku ile mguu wako uliteleza, kweli. Ila mguu wa mtu haukutakiwa kufanya kazi ile. Ningekuwa nimefunga waya, ungeteleza ukacheka. Nimekuacha ubebe lawama kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu."

Mama Povu alitamani kusema mengi, na mengine hayakuwa ya kusemwa mbele ya mkwe. Uchungu ulimpanda, halafu nyuma yake ukaja wepesi ambao alikuwa amesahau ulivyo. Mwisho alisema, "Sasa?"

"Sasa mtoto aniletee spana."

Bibi aliinama mwenyewe akaliokota shuka. Hakuomba radhi, hakuwa amezoea. Alilikung'uta, akamtazama mkwewe usoni kwa muda, akasema, "Hili lirudi majini. Nitalifua mimi."

*

Dereva aliingia chini ya gari kwa mgongo, akijivuta kwa viwiko. Waya waliupata kwa wauza vyuma chakavu, na haukuwa wa gari la aina ile, ikabidi aukate, aukunje, afunge kichwa chake upya. Binti alikuwa akimpa spana na kumpangusa grisi machoni. Alipotoka, alivuta mkono wa breki, nao ukalia krrr kama mlango wa kabati kuukuu. Aliuvuta tena na tena. Alionekana kama mtu anayesalimiana na rafiki aliyemkosea.

Kisha akapanda kiti cha abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akamwambia mkewe waende kwenye mwinuko wa mtaani.

"Vuta. Mpaka mwisho. Toa miguu."

"Yote?"

"Yote. Likirudi, nipige makofi."

Alitoa miguu. Gari lilitulia.

"Sasa kanyaga klachi, weka gia. Mafuta kidogo. Iachie klachi polepole mpaka gari litake kwenda likashindwa. Usiangalie chini, sikiliza. Unasikia sauti inavyozama?"

"Sisikii."

"Umesikiliza mashuka yako yakichemka miaka mingapi ukijua yameiva? Sikiliza."

Gari likazima. Likazima tena. Mara nyingine lilizima kwa kishindo mpaka Dereva akagonga paji la uso kwenye kioo, na mkewe akaomba radhi huku akicheka. Majirani walitoka nje na viti. Hatimaye akaisikia: injini ilishusha sauti, pua ya pikapu ikanyanyuka kidogo, na mwili mzima wa gari ukakaza.

"Hapo," Dereva alisema kwa sauti ndogo. "Shusha breki."

Akashusha. Pikapu ikapanda bila kurudi hata upana wa kidole. Walirudia mpaka jioni, na kesho yake wakaamkia hapo. Jiwe lilikuwa limekaa ukutani, na Bibi akalichukua kwenda nalo ndani bila kusema analipeleka wapi.

*

Ijumaa mwalimu alipoona pikapu inaingia uwanjani, Mama Povu kwenye usukani, Dereva pembeni na kibao cha mwanafunzi mbele, alivua miwani yake kwa mara ya kwanza.

"Mama, unaacha gari linalojishika unaniletea mkweche?"

"Huu ndio nitakaoendesha Jumatatu."

"Lakini ukishindwa leo..."

"Najua nikishindwa leo."

Mtahini aliizunguka pikapu, akapima taa, honi na matairi. Alichungulia nyuma, akamkumbuka Mama Povu.

"Jiwe liko wapi?"

"Limebaki nyumbani, afande."

"Linafanya nini huko?"

"Linazuia mlango usijifunge."

Mtahini akaguna, labda ilikuwa kicheko. Walizunguka uwanja, wakaegesha kati ya nguzo, wakatii alama zote. Mwisho mlima. Dereva alikuwa amesimama kwenye uzio na mkongojo wake. Pikapu ilipoanza kupanda, aliugeuzia uwanja mgongo. Hakuweza kutazama.

"Simama hapo."

Akasimama, akavuta breki mpaka mwisho, akatoa miguu. Gari likatulia.

"Haya, ondoka."

Alikanyaga klachi, akaweka gia, akaanza kusikiliza. Hapo hapo sauti ikatoka chini ya banda: "Jiwe!" Banda zima likavunjika mbavu. Mama Povu alishtuka, mguu ukachomoka kwenye klachi, pikapu ikatikisika kwa nguvu na kuzima.

Kalamu ya mtahini ilishuka kwenye karatasi.

"Limezima," alisema.

Mama Povu alishika usukani imara. Aliangalia kioo. Koni zilikuwa zimesimama nyuma yake, zote, mahali pake. Akauangalia mkono wa breki, nao ulikuwa juu, umeng'ang'ania.

"Limezima, afande," alisema. "Lakini halijarudi."

"Sijasema limerudi. Washa."

Aliwasha. Safari hii aliwaacha wacheke. Aliwapa muda wote walioutaka. Klachi ikaja polepole, polepole tena, sauti ikazama, pua ikanyanyuka, na yeye hakuharakisha, alikaa hapo akaihisi ikikaza kwenye unyayo wake, ndipo akashusha mkono. Kule kwenye uzio, Dereva alisikia injini inavyozama na akajua kabla ya mtu yeyote uwanjani. Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

Pikapu ilifika juu.

"Kuzima nimekuandikia kosa," mtahini alisema, akisaini. "Kosa moja halimwangushi mtu. Chukua. Na huo waya mfungwe mpya kabisa, unalia."

*

Jumatatu walitoka mapema. Mashuka yalikuwa yamefungwa mafurushi makubwa, Binti ameketi juu yake, Dereva mbele pembeni ya mkewe. Bibi aliwasindikiza mpaka barabarani. Aligusa mlango wa upande wa usukani, akasema, "Nendeni salama, mwanangu," na Mama Povu hakugeuka kuangalia kama Dereva ndiye aliyeambiwa, kwa sababu Bibi alikuwa akimtazama yeye.

Katikati ya mlima wa nyumba ya wageni lori la matofali lilikuwa likishusha mzigo, limeziba njia. Mama Povu akasimama. Nyuma akasikia kandambili zikigusa lami.

"Mama, nimepata!" Binti aliita.

Aliangalia kioo. Mtoto alikuwa ameokota jiwe kando ya barabara, amelikumbatia tumboni, anakuja nyuma ya gurudumu, anainama. Kilikuwa kioo kile kile alichomwonea mumewe siku ile. Alivuta breki mpaka ikagoma, mguu bado ameukandamiza kwenye breki ya mguu.

"Toka nyuma ya gari!"

"Lakini mama, mlima..."

"Toka. Liache jiwe. Panda."

Binti alisimama na jiwe lake, hajui alifanye nini. Tangu apate akili, mlimani amri ilikuwa moja tu: jiwe. Akasogea dirishani upande wa baba yake, kumuuliza kwa macho.

Baba yake alikuwa ameukandamiza mguu mbovu sakafuni, mahali ambapo hapana breki. Jasho lilimtoka. Alimwangalia mkewe, akauangalia mkono wa breki uliokuwa juu, kisha akaulegeza mguu wake taratibu.

"Hujamsikia Dereva?" alimwambia mtoto. "Panda."

Jiwe lilibaki kando ya barabara. Lori lilisogea, Mama Povu akaisikiliza klachi, akashusha breki, wakapanda.